ARCTIC Liquid Freezer III 360: kipoza cha nguvu, lakini pima kesi ya kompyuta kabla ya kulipa

Kwa nguvu ya kupoza peke yake, Liquid Freezer III 360 ya ARCTIC, iliyoingia sokoni 2024, ina wapinzani wachache kati ya vipoza maji vya prosesa vinavyouzwa vikiwa vimejazwa na kufungwa kiwandani. Kinachowaliza wanunuzi ni unene. Rejeta yake ina milimita 38, wakati nyingi za aina hii zina takriban 27. Ongeza feni za milimita 25 na unafika 63 badala ya 52. Milimita hizo 11 ndizo zinazoamua rejeta itakaa wapi, na mahali itakapokaa ndipo panapoamua hewa ipite upande gani. Kwa hiyo tathmini hii inazungumzia kesi, yaani sanduku la kompyuta, karibu sawa na inavyozungumzia kipoza chenyewe.

Ndani ya boksi unakuta rejeta yenye urefu wa milimita 398, feni tatu za P12 zilizokwisha kufungwa juu yake, mipira ya maji ya milimita 450, kichwa chenye pampu na grisi ya joto ya MX-6. Feni zinazunguka kati ya 200 na 1800 kwa dakika, pampu kati ya 800 na 2800. Juu ya kichwa kuna feni ndogo ya kupuliza VRM, yaani sehemu ya ubao mama inayorekebisha umeme wa prosesa. Si pambo. Unapoondoa kipoza cha feni na kuweka cha maji, VRM inapoteza upepo iliokuwa ikiupata bure, na feni hii inarudisha sehemu ya upepo huo. Nyaya za feni zimepitishwa kiwandani hadi kwenye kichwa cha pampu, hivyo waya unaokwenda kwenye ubao ni mmoja tu. Kwa usafi wa kazi, hapo ARCTIC wamewashinda wengi.

Vipimo kwanza

Kesi ikiandikwa "inapokea rejeta ya 360 juu" usiishie hapo. Neno hilo linamaanisha kuna matundu ya feni tatu za 120, basi. Unahitaji vipimo vitatu vyako mwenyewe. Cha kwanza ni urefu: 398 za rejeta, pamoja na nafasi ya mipira kupinda pale inapotokea. Kama feni ya nyuma ya kesi au ukingo wa juu wa kesi unaingilia hapo, rejeta haiingii hata kama matundu yanalingana.

Cha pili ni kina, kutoka chini ya bamba la juu la kesi, linapofungwa rejeta, hadi ukingo wa juu wa ubao mama. Kesi nyingi za wastani zimeachiwa nafasi kwa kufikiria rejeta ya 27 na feni ya 25, yaani 52 pamoja na kidogo cha kupumulia. Ukipata 55, rejeta ya kawaida inapita na hii inakwama. Hapo unaokolewa na kipimo cha tatu: bamba la juu limesogezwa mbali kiasi gani na sahani ya kesi inayobeba ubao mama. Kama limesogezwa vya kutosha, feni zinaweza kushuka mbele ya ukingo wa ubao bila kugusa kitu, ilimradi zisikutane na vipande vya RAM (kumbukumbu ya kompyuta) vyenye mapambo marefu wala vyuma vya kupozea VRM. RAM isiyo na pambo ina urefu wa takriban milimita 31. Zenye makoti marefu huvuka 40 kwa urahisi. Kona ya juu kushoto ya ubao, zinapoingia nyaya za umeme wa prosesa, nayo husahaulika. Chomeka nyaya hizo kabla ya kufunga rejeta, maana baadaye kidole hakipiti.

Juu, hewa ikitoka nje

Kwa kompyuta nyingi za michezo hapa ndipo mahali pake, na kipoza kimefungwa kiwandani kikiwa tayari kwa hilo: feni zinasukuma hewa kuingia kwenye rejeta, kwa hiyo ukiigeuza feni zikatazama chini, hewa ya ndani inapita kwenye mapezi ya rejeta na kutoka juu. Hufungui feni hata moja.

Hoja inayotolewa dhidi ya mpangilio huu ni kwamba rejeta inavuta hewa iliyokwisha kupashwa na kadi ya michoro. Ni kweli, ila ni vizuri kuipima kwa hesabu. Hewa ya mita za ujazo 150 kwa saa hubeba takriban wati 50 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi inayopanda. Kila feni ya P12 ikiwa huru, bila kizuizi, inapitisha karibu 95 kwa saa. Zikisukuma kupitia rejeta nene, tuchukue kwamba zote tatu kwa pamoja zinapitisha 150. Ongeza feni ya nyuma inayotoa nyingine 50, jumla kesi inapitisha 200 kwa saa, sawa na wati 67 kwa nyuzi. Kadi inayokula wati 350 itapandisha hewa hiyo kwa nyuzi 5 hivi. Joto la maji linafuata joto la hewa inayoingia kwenye rejeta, na prosesa inafuata maji, kwa hiyo gharama ya kuweka rejeta juu ni takriban nyuzi hizo hizo 5 kwenye prosesa. Sasa, wakati wa mchezo prosesa nyingi hula wati 80 hadi 120, na kwa mzigo huo kipoza hiki kinakuwa na akiba tele. Nyuzi 5 hizo hazikunyimi chochote.

Sharti ni moja: hewa ya kuingia iwepo. Feni tatu za 120 au mbili za 140 mbele, nyuma ya wavu ulio wazi. Kesi ambayo mbele yake ni kioo kitupu chenye mwanya mwembamba ubavuni itaifanya rejeta ya juu ifyonze hewa kupitia kila tundu, hata kupitia nafasi za kadi huko nyuma, na vumbi lije nayo. Kujua kama unalo tatizo hilo si kazi ngumu. Washa mzigo mzito kwa dakika 20, andika joto, kisha fungua ubavu wa kesi uache dakika 10 nyingine. Likishuka kwa nyuzi 2 au 3, kesi yako iko sawa. Likishuka kwa 6 au zaidi, kesi inakosa pumzi, na kubadilisha kipoza hakutasaidia.

Kuweka rejeta juu kisha kugeuza feni ziingize hewa ni wazo baya, ingawa sababu inayotajwa mara nyingi siyo. Watu husema joto hupanda juu, kwa hiyo unapigana na maumbile. Nguvu ya hewa moto kupanda yenyewe ni ndogo mno mbele ya feni, hata ikizunguka 600 tu kwa dakika. Ubaya halisi ni kwamba unapuliza hewa ya moto moja kwa moja juu ya ubao mama na mgongo wa kadi, unavuta vumbi kutoka sehemu ya kesi ambayo mara nyingi ina chujio hafifu, na feni za mbele zinaleta hewa ambayo sasa ina njia moja finyu ya kutokea.

Mbele, hewa ikiingia

Hapa prosesa inapata hewa ya chumbani moja kwa moja, na kadi ya michoro inapata hewa iliyopita kwenye rejeta. Kwa hesabu ile ile: prosesa ya wati 120 inapasha hewa ya mita 150 kwa nyuzi 2.4, ya wati 250 kwa nyuzi 5. Kwa hiyo kwenye michezo kadi inaumia kidogo sana. Kwenye kazi ya prosesa peke yake kadi imelala, na haijali. Mpangilio huu unashinda kwa dhati pale ambapo prosesa na kadi zote zinasukumwa hadi mwisho kwa saa nyingi, mfano kutengeneza picha za 3D, na wewe unaijali prosesa zaidi.

Lakini kwa kipoza hiki hasa, mbele pana gharama tatu. Kwanza, 63 zinaondoka kwenye urefu wa kadi. Kesi inayotangaza nafasi ya kadi ya milimita 400 inabaki na 337. RTX 4090 ya NVIDIA yenyewe, yenye 304, inaingia, ila kadi kadhaa za kampuni washirika ni ndefu kuliko hiyo nafasi. Pili, feni zilivyofungwa kiwandani, ukibana rejeta kwenye bamba la mbele zitapuliza nje. Lazima uzifungue, uzigeuze zivute hewa kupitia rejeta, na uangalie waya mfupi wa kila feni unafika bila kukazika wala kugusa mabawa. Kati ya kusukuma na kuvuta tofauti ni ndogo, kwa kawaida nyuzi moja au mbili, kwa hiyo usikose usingizi. Kuvuta kuna faida yake: vumbi linajikusanya kwenye uso wa rejeta unaotazama nje, ambapo unaliona na kulisafisha bila kufungua feni.

Gharama ya tatu ni mipira. Ndani ya kila kipoza cha aina hii kuna hewa kidogo tangu kiwandani, na inaongezeka taratibu kwa miaka kwa sababu maji hupenya kuta za mipira. Hewa hiyo inakwenda mahali pa juu kabisa. Ukiweka rejeta mbele mipira ikitokea chini, hewa inakaa kwenye tanki la juu la rejeta, mbali na njia za kuingia na kutoka, na hutaisikia. Mipira ikitokea juu inakubalika mradi ncha ya juu ya rejeta iko juu kuliko pampu, ila hewa sasa inakaa pale pale maji yanapoingia, na unaweza kusikia mbubujiko. Tatizo ni kwamba mipira ya 450 haifiki chini katika kila kesi ndefu. Chukua kamba ya sentimita 45, ishike kuanzia katikati ya soketi ya prosesa hadi chini ya bamba la mbele, ipitishe mbele ya kadi kwa mkunjo mpana. Kama kamba inakazika, mipira itakazika pia.

Ubavuni, na chini

Kesi zenye vioo viwili, mtindo uliosambazwa sana na Lian Li O11 Dynamic ya 2018, zina nafasi ya feni tatu ubavuni kando ya ubao mama. Hapo rejeta inakaa wima, mipira ikitokea chini, na kwa kuwa feni za chini zinailisha kadi hewa ya chumbani moja kwa moja, kuingiza hewa kupitia rejeta ya ubavuni hakuigusi kadi kwa kiasi cha maana. Chini inaingiza, ubavu unaingiza, juu na nyuma vinatoa: mpangilio bora kwa kesi za namna hiyo, na pekee unaozipa prosesa na kadi zote mbili hewa safi. Feni zitahitaji kugeuzwa kama za mbele, na unene utataka kupimwa kama kawaida.

Chini kabisa, hapana. Pampu inakuwa ndiyo sehemu ya juu ya mzunguko, hewa yote inaifuata, na pampu inayovuta hewa hupiga kelele, hupitisha maji kidogo na kuchakaa mapema. Mizunguko ya kujijengea yenye tanki la akiba haina shida hii. Hiki hakina tanki.

Kufunga kichwa

Kwa prosesa za Intel za soketi za LGA1700 na LGA1851, kipoza hiki hakitumii kibano cha asili cha soketi. Unakiondoa na kuweka fremu iliyomo kwenye boksi, ambayo inaishika prosesa kwa usawa badala ya kuibana pande mbili tu na kuipinda. Ni sehemu nzuri ya bidhaa hii na pia sehemu inayoharibu kazi za wengi. Ubao mama uwe mezani, si ndani ya kesi iliyosimama. Uwe na bisibisi ya nyota, Torx T20, kwa skrubu za kibano cha zamani. Usinyanyue prosesa isipokuwa unahitaji. Ukiigusa, pini za soketi ziko wazi. Kaza skrubu za fremu kwa msalaba, robo mzunguko kila moja, hadi zikae bila kulazimisha. Ukikaza upande mmoja sana, dalili yake haiko kwenye joto bali kwenye RAM: kompyuta inakataa kuwaka, au inaona kipande kimoja cha RAM kati ya viwili.

Kwa soketi za AM4 na AM5 kichwa kimesogezwa kidogo kutoka katikati, kwa sababu vipande vinavyotoa joto kwenye prosesa hizo za AMD havikai katikati ya bamba. Fuata upande unaoonyeshwa kwenye maelekezo; kukigeuza kichwa kwa sababu mipira inapendeza zaidi upande ule kunapoteza faida hiyo.

Rejeta ina hatari moja inayostahili onyo. Tumia skrubu zilizokuja nayo tu. Skrubu fupi ni za kufungia rejeta kwenye kesi, ndefu ni za kupita kwenye feni. Skrubu ndefu ikiingia mahali pa fupi inafika kwenye njia za maji, na rejeta iliyotobolewa haina dawa.

Feni za kesi nazo zikaguliwe. Feni ya kawaida hutoa hewa upande wenye mikono inayoshikilia mota. Siku hizi kuna feni za mabawa yaliyogeuzwa, zilizotengenezwa ili uso mzuri uonekane hata zikiingiza hewa, na hizo zinafanya kinyume. Karatasi nyembamba ya tishu mbele ya feni inamaliza ubishi kwa sekunde mbili.

Waya na mwendo wa feni

Waya mmoja wa kiwandani unaendesha pampu, feni za rejeta na feni ya VRM kwa amri moja. Uchomeke kwenye CPU_FAN, tundu la ubao mama la feni ya prosesa. Ukiuchomeka kwenye AIO_PUMP, tundu la pampu, bodi nyingi hutoa asilimia 100 muda wote, na utadhani umenunua kipoza chenye kelele. Ndani ya boksi kuna waya wa pili unaogawa vitu hivyo vitatu, na ndio tunaopendekeza: pampu kwenye AIO_PUMP, ikiachwa asilimia 70 hadi 100, feni za rejeta kwenye CPU_FAN, feni ya VRM popote palipo wazi.

Kasoro ya kweli ni kwamba hakuna kipima joto cha maji. Feni zinafuata joto la prosesa, ambalo linaruka kwa nyuzi 20 ukifungua kivinjari tu, wakati maji yanachukua dakika 10 hadi 20 kufika mahali pake. Dawa ni kuweka ucheleweshaji kwenye BIOS (mipangilio ya ubao mama), sekunde kadhaa kupanda na zaidi kushuka, na kuziacha feni asilimia 30 hivi hadi prosesa ipite nyuzi 60. Rejeta ikiwa juu, ni vizuri feni zisikie na joto la kadi pia. FanControl, programu ya bure ya Windows, inaweza kuchukua lile lililo kubwa kati ya hayo mawili.

Ukiona joto usilolitegemea, angalia kasi ya kupanda kwake kabla ya kufungua chochote. Likiruka hadi mwisho ndani ya sekunde moja au mbili za mzigo, tatizo liko kwenye mgusano: grisi, mkazo wa kichwa, au pampu isiyozunguka. Likipanda polepole kwa robo saa, tatizo ni hewa. Na kwa prosesa nyingi za Ryzen 7000 za AMD, nyuzi 95 chini ya mzigo wote si ugonjwa. AMD wamezipangia zipande hadi hapo zikitafuta kasi zaidi.

Nani anunue, nani aache

Mwenye kesi pana yenye wavu mbele na nafasi halisi ya 63 juu, anunue bila kusita. Mwenye kesi ya wastani yenye 55 asijaribu kulazimisha. Rejeta ya 27 ya kampuni nyingine iliyokaa vizuri itamfaa kuliko hii iliyokaa pabaya. Mwenye prosesa isiyozidi wati 120 anaweza kuangalia 240 au 280 (za feni mbili) ya familia hii hii, akikumbuka kuwa zote ni za unene wa 38. Toleo la Pro la 2025 lina feni zinazofika 3000 kwa dakika. Ni la mwenye mzigo mzito usiokatika na asiyejali kelele.

Dhamana ni miaka 6. Ukinunua kilichotumika, hakikisha ni III. Mwaka 2022 ARCTIC wenyewe walitangaza tatizo la gasketi kwenye baadhi ya Liquid Freezer II na kutoa vifaa vya kurekebishia bila malipo, na si kila muuzaji anajua kama chake kilifanyiwa. Kabla ya kulipa, kiwashe rejeta ikiwa juu kuliko pampu, kilaze na kukisimamisha mara mbili tatu, kisha subiri dakika tano. Mbubujiko ukiendelea baada ya hapo, maji yamepungua, na kipoza hiki hakina mahali pa kuongezea.